Amka, Lakini Usiamke

Anza kwa kuzima ile video ya saa nane. Unaijua: picha ya mtu wa rangi ya buluu anayeelea angani, mvumo usiopanda wala kushuka, na ahadi kwamba ukilala nao masikioni utazitawala ndoto zako usiku huu huu. Binamu yangu aliilalia kwa wiki mbili. Ndoto aliyoipata ni ya mwanamke mwenye sauti tamu anayembembeleza achukue mkopo usio na dhamana, kwa sababu kila baada ya muda tangazo liliukatiza mvumo. Usiku wa 15 bando likaisha saa 8, simu ikanyamaza, naye akalala mpaka kukakucha.

Mwongozo huu ni wa mtu anayekitaka kile kile alichokitaka binamu yangu, nami nakitaka pia: kuwa ndani ya ndoto na kujua kwamba hii ni ndoto. Sisemi ndoto za alinacha za mchana. Nasema ndoto hasa, mwili umelala fofofo, na katikati ya mambo yasiyo na kichwa wala miguu unasema, "Kumbe naota!" kisha unaendelea kuota. Daktari wa Uholanzi aitwaye Frederik van Eeden ndiye aliyezipa jina la kitaalamu linalotumika mpaka leo, mwaka 1913, ingawa Wabudha wa Tibet walikuwa wakifundishana mazoezi ya namna hiyo karne nyingi kabla yake. Mimi naziita ndoto za kujitambua.

Kuna waliosema ni uongo mtupu, kwamba mtu anayejijua hawezi kuwa amelala. Jibu lilipatikana Hull, Uingereza, Aprili 1975. Katika usingizi wa ndoto mwili hufungwa, mikono na miguu haiitiki, lakini macho hubaki huru. Mtafiti Keith Hearne akakubaliana na Alan Worsley, mtu aliyekuwa na kipaji cha kujijua ndotoni: ukifika huko, tembeza macho kushoto na kulia kwa namna tuliyopanga. Worsley akalala, mashine ikaandika usingizi wa kweli, na katikati ya usingizi huo macho yakatoa ishara. Miaka michache baadaye Stephen LaBerge wa Stanford, Marekani, akapata jambo lile lile kwa njia yake. Kila nikilifikiria nasisimka. Mtu amepunga mkono kutoka ng'ambo ambako hakuna aliyewahi kupungiwa.

Sasa, kwa nini uzime video? Kwa sababu inapiga ngoma usiku kucha wakati wachezaji bado hawajafika ukumbini. Usingizi una zamu. Kila zamu ni kama dakika 90, na mwishoni mwake ndipo huja kipande ambacho macho huchezacheza chini ya kope na ndoto hunoga. Aserinsky na Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walikitangaza mwaka 1953. Mwanzoni mwa usiku kipande hicho ni cha dakika chache. Kuelekea alfajiri kinaweza kufika nusu saa. Ukilala saa 4 usiku, zile saa za mwanzo ni za usingizi wa pono. (Na waliotuachia msemo huo walimjua pono vizuri: baadhi ya samaki wa jamii hiyo hujifunika ute mwili mzima kabla ya kulala, mfano wa chandarua.) Sauti unayoipiga wakati huo inakwenda bure. Na sauti isiyokoma, ubongo huizoea kama unavyoizoea feni. Kinachotakiwa ni sauti fupi, ya chini, inayofika kwa wakati wake, na ambayo wewe mwenyewe unajua inakuambia nini.

Hilo la mwisho ndilo kubwa, na aliyelishika mapema kuliko wote ninaowajua ni Mfaransa, Hervey de Saint-Denys, msomi wa Kichina aliyeanza kuandika ndoto zake tangu ujana na kuchapa kitabu kizima juu yake mwaka 1867. Alipokwenda kukaa Vivarais, mkoa wa milima kusini mwa Ufaransa, alibeba manukato ambayo hakuwahi kuyatumia. Akayanusa siku zote alizokaa kule, kisha akaifunga chupa. Aliporudi nyumbani akampa mtumishi wake agizo: siku yoyote utakayoichagua mwenyewe, bila kuniarifu, nidondoshee matone kwenye mto nikiwa nimelala. Matone yalipodondoka, Saint-Denys akawa milimani Vivarais.

Hakuishia hapo. Msimu mmoja wa dansi alipatana na kiongozi wa bendi: kila nikicheza na bibi huyu, piga waltz hii, kila nikicheza na yule, piga ile. Msimu ulipokwisha akatafuta kisanduku cha muziki, akakiunganisha na saa ya kuamshia ili kilie alfajiri kwa sauti ndogo. Kikilia waltz ya kwanza, ndotoni anakuja bibi wa kwanza. Kikilia ya pili, wa pili. Hapakuwa na umeme wala simu. Ni saa ya mezani, kisanduku, na mwanamume aliyejipangia nani amtembelee usingizini. Sikupi ushauri wa kuiga hilo la wanawake wawili, hasa kama una mwenzako kitandani na huwa unaweweseka.

Mtu wa pwani hahitaji kubembelezwa ili aamini habari hii. Udi ukifuka nyumba ya jirani unakumbuka sebule ya nani, na taarabu iliyopigwa kwenye harusi fulani haiwezi tena kuwa wimbo mtupu. Lakini angalia vizuri mzigo uko wapi. Manukato yale hayakuwa na dawa ndani. Yangedondoshewa mto wako au wangu, tusingefika Vivarais. Kazi yote ilifanyika mchana, akiwa macho, na usiku ukaja kulipa deni. Wauzaji wa mvumo wa saa nane wamelikata zoezi hili nusu, wakatupa nusu inayofanya kazi, wakakuuzia iliyobaki. Hilo linaniudhi kweli, kwa sababu watu wengi hujaribu mara tatu, wakakosa, wakasema wao si watu wa ndoto.

Basi chagua sauti yako. Isiwe ile ya simu ya kuingia, maana utaamka ukidhani unadaiwa. Isiwe wimbo unaoupenda mno, utaimba. Mimi nilichagua vikombe. Kwetu Ngamiani, Tanga, muuza kahawa hana haja ya kupiga kelele. Anagonganisha vikombe vyake vidogo mkononi na mtaa mzima unajua amefika. Nilirekodi sekunde nne za mlio ule kwa simu, kwa idhini yake, na nikamlipa vikombe viwili.

Kwa siku 20 niliipanga simu igonge vikombe mara sita kwa siku. Kila nikisikia, nilisimamisha nilichokuwa nafanya, nikafunga mdomo, nikabana pua na kujaribu kuvuta pumzi, huku najiuliza kwa dhati: hapa nilipo, naota? Neno la kushika ni dhati. Ukijiuliza kwa kupitisha wakati, ndotoni nako utajiuliza kwa kupitisha wakati, utajijibu "siyo," na utaendelea kumpikia nyanya yako wali kwenye paa la basi. Tazama ulipo. Umefikaje hapa? Huyu unayeongea naye, mara ya mwisho ulimwona wapi? Muuza kahawa mwenyewe akipita, vilevile. Alizoea kuniona nimebana pua, akawa ananisubiri nimalize ndipo amimine.

Kubana pua ni kipimo kizuri kwa sababu ndotoni hewa hupita tu. Vitabu vya Ulaya na Marekani hupenda kipimo kingine, cha swichi: washa taa, na isipowaka ujue unaota. Hearne mwenyewe aliandika mwaka 1981 kwamba taa za ndotoni zina tabia ya kutotii swichi. Sina ubishi naye, lakini kwa mtu wa Tanga au Dar es Salaam kipimo hicho hakifai hata kidogo. Taa isipowaka hatuhitimishi kwamba tunaota. Tunachungulia dirishani kuona kama kwa jirani nako kumekatika. Tumia maandishi. Maandishi ya ndotoni hayatulii: ukiyasoma, ukatazama pembeni, ukayasoma tena, mara nyingi yamegeuka. Kanga ni kitabu kizuri kwa kazi hii, maana karibu kila nyumba ina jina la kanga la kusomwa mara mbili. Na kwa mwenye subira kuna namba za LUKU, zile za kuingizia umeme. Tarakimu 20 zikibaki vile vile mara ya pili, uko macho, na ziingize haraka kabla giza halijaingia.

Jioni nayo ina kazi yake. Tunachokifanya kabla ya kulala hutufuata, lakini si kila kitu kwa nguvu sawa. Mwaka 2000 Robert Stickgold na wenzake walichapisha utafiti wa watu 27 waliocheza Tetris, mchezo wa video wa kupanga vipande vinavyoshuka, siku kadhaa mfululizo, na zaidi ya nusu yao waliona vile vipande vikishuka walipoanza kusinzia. Miongoni mwao walikuwamo wagonjwa wa kusahau, ambao hawakuweza kukumbuka kwamba waliwahi kuucheza mchezo huo, na baadhi yao vipande viliwashukia vilevile! Mzee aliyecheza bao mpaka saa 3 usiku naye atakuambia: akifumba macho, kete zinatembea. Huko Kanada, Jayne Gackenbach amechunguza wacheza michezo ya video kwa miaka mingi, na wanaocheza sana husimulia ndoto za kujitambua zaidi ya wengine. Nafikiri ni kwa sababu mchezaji amezoea kuwa ndani ya dunia isiyo ya kweli huku akijua ana vidole vinavyobonyeza. Anayetazama tamthilia amebebwa, anayecheza anaendesha.

Kwa hiyo saa ya mwisho kabla ya kulala, shika kitu unachokiendesha. Cheza bao. Suka ukili. Soma riwaya na ujiulize wewe ungefanya nini. Usimalizie kwenye kundi la simu la ukoo, kwani kuna mjomba atakayeandika jambo saa 4 na dakika 50, na utaota unamjibu. Kisha zima mwanga wa simu, mapema.

Usiku wenyewe, chagua wa kuamkia siku ya mapumziko. Weka simu nje ya chandarua, upande wa miguu, sauti iwe imezidi feni kidogo tu. Usiichaji chini ya mto. Visikizi vya kuziba masikio sivipendi. Vinaumiza ukigeuka, na mzazi mwenye mtoto mchanga hana ruhusa ya kuziba masikio. Mweleze mwenzako mapema. Mwenzangu alisikia vikombe saa 10 alfajiri kabla sijamweleza, na aliyatafuta maelezo akiwa ameshika mchi.

Lala kama kawaida. Baada ya saa tano hivi, amka. Asiyependa saa ya kuamshia anywe maji ya kutosha kabla ya kulala, kibofu hakisahau. Ukitoka msalani usishike simu kusoma ujumbe. Kaa kitandani dakika chache, ikumbuke ndoto uliyotoka nayo, na uirudie akilini, safari hii ukijiona unagundua kwamba ni ndoto. Jiambie kwa maneno yako: nikiota tena, nitajua naota. Denholm Aspy wa Australia alichapisha mwaka 2017 matokeo ya waliofanya hivi kwa wiki moja, pamoja na vipimo vya mchana: walipata ndoto za kujitambua katika asilimia 17 ya siku. Waliofanikiwa kurudi usingizini ndani ya dakika tano baada ya kujisemea walikaribia asilimia 46. Hizo si namba za "usiku huu huu." Ni za mvuvi: siku nyingine unarudi na maji tu mtumbwini.

Kisha sauti. Ipange ilie mara chache kuanzia saa moja na nusu baada ya kurudi kulala, ikiachana dakika kumi na tano. Michelle Carr na wenzake waliwafundisha watu sauti na mwanga kabla ya kuwalaza asubuhi maabarani, wakavirudisha walipofika kwenye usingizi wa ndoto, na nusu ya waliokumbushwa hivyo walijitambua na kutoa ishara ya macho. Mwaka 2021 maabara nne, za Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi, zilieleza habari za watu 36 walioshiriki majaribio ya kusemeshwa wakiwa ndotoni. Mmoja aliulizwa nane kutoa sita, akajibu kwa kupeleka macho mara mbili. Maswali mengi hayakujibiwa, lakini lile moja lilijibiwa na mtu aliyelala.

Usitamani kutumia njia za nguvu. Mwaka 1958 watafiti Dement na Wolpert walijaribu mlio, mwanga na maji ya kunyunyizia waliolala. Mlio uliingia katika asilimia 9 ya ndoto, mwanga 23, maji 42. Maji yameshinda, naam, ila walionyunyiziwa walikubali kwanza. Mlio wako una kitu ambacho mlio wao haukuwa nacho, yaani siku 20 za mazoezi.

Usiku wangu wa tatu nilikuwa naendesha baiskeli kutoka Raskazone kwenda kisiwa cha Toten, juu ya maji. Sikuona ajabu. Wasiwasi wangu pekee ulikuwa kwamba breki ya nyuma imelegea. Nyuma ya kiti alikaa mwalimu wangu wa darasa la nne, ananihesabia mawimbi. Ndipo kwa mbali, kutoka upande wa bandari, vikombe vikagongana. Nikasema moyoni, kahawa baharini? Nikafunga mdomo, nikabana pua, na pumzi ikaingia mpaka kifuani, baridi, yenye chumvi. Sijui namna ya kukueleza kilichofuata isipokuwa kwamba kila kitu kilisogea karibu. Niliona kutu kwenye usukani. Niliona samaki chini ya gurudumu. Nikamwambia mwalimu, "Mwalimu, hii ni ndoto." Akajibu, "Basi usiangalie breki."

Furaha hapo ni adui. Moyo ukipaa unaamka. Sugua viganja kimoja kwa kingine, ushike kitu chenye umbo, utazame karibu. Kuruka kunaweza kusubiri.

Karibu na misikiti utapata mgeni mwingine. Adhana ya alfajiri hufika saa ile ile ambayo ndoto zimekolea, na wengi wetu tumewahi kuisikia ikiwa imevaa nguo za ndoto: king'ora cha meli, mtu anayetuita kwa jina la utotoni. Usiifanye kengele ya mchezo huu. Ina kazi yake, na yenyewe inasema wazi kwamba sala ni bora kuliko usingizi. Panga vikombe vyako viwe vimenyamaza kabla yake.

Na jinamizi. Ukichezea mpaka wa usingizi na kuamka, unaweza kuzinduka akili ikiwa macho na mwili bado umefungwa, kifua kizito, na kuhisi mtu yumo chumbani. Mwaka 1995, hofu ya Popobawa, jini anayedaiwa kuwavamia watu usiku, ilipoenea Unguja na Pemba, watu walilala nje kwa makundi kuzunguka moto, na wapo watafiti waliofananisha masimulizi ya usiku ule na hali hii ya mwili kufungwa. Simbezi aliyeogopa, anayebanwa anabanwa kweli. Jambo la kufanya ni kutopigana. Pumua polepole, chezesha kidole kimoja cha mguu, na kwa kawaida hupita baada ya muda mfupi. Kama linakurudia, acha zoezi. Mwenye maradhi ya akili yanayomchanganyia ya kweli na yasiyo ya kweli asianze kabisa, na mwenye taabu ya kupata usingizi atafute usingizi kwanza. Dereva anayetoka saa 11 alfajiri asikate usiku wake vipande kwa ajili ya kisiwa cha Toten. Usiku mmoja kwa wiki unatosha.

Ukizinduka, usitikisike. Ndoto ni kama maji kiganjani. Lala ulivyolala, ianze kutoka mwisho kurudi nyuma, ndipo unyooshe mkono kuchukua daftari. Daftari liwe karibu kuliko simu, na kalamu uwe umeijaribu jana. Andika kilichoonekana, kilichosemwa, na kama sauti yako ilifika iliingia ikiwa umbo gani. Kwangu imewahi kuwa meno ya punda na funguo za babu. Ukimaliza kuandika, fungua dirisha. Kama ni Ngamiani, atakuwa anakaribia. Msubiri agonganishe, bana pua, uhakikishe, kisha mwite.